Mkate wa Pwani Katika Baridi ya Limuru

Katika kazi zote za jikoni hapana iliyo na fumbo kama kuoka. Mchuzi ukipungua chumvi, mpishi huonja akaongeza. Ugali ukiwa mwepesi hutiwa unga mwingine ukasongwa tena. Wali ukizidi maji huachwa wazi mpaka ukauke. Lakini mkate ukishafunikwa na kupaliwa makaa, mkono wa mwanadamu umekwisha kazi yake. Hapana kuonja, hapana kuongeza, wala hapana ruhusa ya kuchungulia kila dakika, maana hewa baridi ikiingia kabla ya wakati wake, kilichokuwa kimeinuka hushuka. Mwokaji hukaa kando kama mtu aliyepeleka barua ya kuomba kazi na sasa angojea majibu. Na majibu yakija, huja yote kwa mara moja: ama mkate umesimama, ama umeanguka.

Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba kuoka ni bahati, au kwamba wako wenye mkono wa kuoka na wasio nao. Keki iliyofaulu husifiwa ikaliwa. Iliyoharibika hutupiwa kuku upesi kabla jirani hajaiona. Katika hali zote mbili hakuna anayeuliza sababu. Kuacha kuuliza sababu ya keki iliyoharibika ni hasara, lakini kuacha kuuliza sababu ya keki iliyofaulu ni hasara kubwa zaidi, ingawa jambo hili si rahisi kusadikika. Habari za mama mmoja aliyehama Mombasa akaenda kukaa Limuru zitamwonyesha msomaji jinsi lilivyo.

Mama huyo alizaliwa Mji wa Kale, na kuoka alijifunza kwa nyanya yake. Nyumba yao haikuwa na joko la chuma wala la umeme. Walioka kama walivyooka wengi wa pwani tangu zamani: sufuria kubwa yenye mchanga chini, ndani yake sufuria ndogo yenye unga uliovurugwa, kisha kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko makaa ya moto. Hii ndiyo kazi iitwayo kupalia. Sharti lake ni kwamba makaa ya juu yawe mengi na ya chini yawe machache, kwa kuwa moto hupanda. Atakayeweka makaa sawasawa juu na chini atapata mkate ulioungua kitako na mbichi tumboni. Kwa njia hiyo nyanya yake alioka mkate wa kumimina, na hasa mkate wa mayai, ambao kwao ulikuwa heshima ya kila sikukuu.

Mkate wa mayai wa nyanya haukuwa na mambo mengi. Mayai manane, sukari vikombe viwili vya chai, unga wa ngano vikombe viwili, na iliki iliyotwangwa. Hapana hamira, wala siagi, wala unga wowote wa kuumulia. Kinachouinua ni hewa peke yake, ambayo hupigwa ndani ya mayai na sukari mpaka yawe meupe, mazito, yamejaa mapovu. Nyanya alipiga mayai kwa muda mrefu mpaka mkono ukafa ganzi, na aliwafundisha wajukuu kwamba uvivu katika kupiga mayai huonekana mezani.

Mumewe mama huyo, aliye karani katika kiwanda cha majani ya chai, alipohamishiwa Limuru, wote walihama pamoja naye. Limuru iko mita zipatazo 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya ukungu na mashamba ya chai, na katika miezi ya Juni na Julai mtu aliyezoea Mombasa hulala na blanketi tatu akashukuru.

Mkate wa kwanza alioka mwezi wa pili baada ya kuhama, siku wake wa majirani walipomtembelea kumkaribisha. Ulisimama vizuri kupita kiasi. Wageni waliusifu, wakauliza ameununua wapi, na wakakataa kusadiki aliposema kwamba umetoka katika jiko la makaa lililokuwa pale uani. Kabla ya jua kutua, mmoja wao, ambaye binti yake alikuwa ataolewa baada ya miezi mitatu, alimwagiza mikate mitatu kwa ajili ya arusi, na akamwachia nusu ya fedha papo hapo. Kwa mshahara wa karani na watoto wawili walio shuleni, fedha hizo hazikuwa jambo la mchezo. Usiku ule mama aliwaambia watu wa nyumbani kwamba siri ilikuwa ile sufuria mpya aliyoinunua sokoni, maana kitako chake kilikuwa kizito kuliko cha ile ya zamani.

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Mkate ulikuwa umefaulu, naye hakujua kwa nini. Na kwa kuwa moyo wa mwanadamu hauwezi kukaa bila sababu, alijitungia moja.

Majuma mawili baadaye alioka tena kwa ajili ya mavyaa wake aliyekuwa akija kutoka Voi. Safari hii alijitahidi sana. Aliketi akapiga mayai kama alivyofundishwa, asiache hata dakika moja. Alipima sukari kikombe hata kikombe. Sufuria ilikuwa ile ile. Alipofunua, mkate ulikuwa umebonyea katikati kama sahani, ukingo wake umenata kwa sukari, na chini yake kulikuwa na tabaka moja zito lililovutika kama mpira. Mavyaa alikula kipande chake chote bila kusema neno, na yeyote aliyewahi kuwa mkwe ajua kwamba maneno yangekuwa afadhali.

Akaoka tena, ukaanguka. Alishuku mayai, akanunua ya kuku wa kisasa mahali pa yale ya kienyeji. Alishuku unga, akabadili aina. Alishuku makaa, maana ya Limuru mengi hutokana na miti ya miwati, naye alizoea mengine. Mambo hayo yote aliyabadili katika siku moja, na mkate ukaanguka zaidi ya ule wa kwanza. Basi alikuwa amekwisha tumia mayai ishirini na manne, na alilolijua halikuzidi alilolijua mwanzo. Hata kama mkate ule ungalisimama, asingaliweza kusema kama ni mayai, au unga, au makaa yaliyomsaidia. Kufikia hapo jirani mmoja alikwisha kumnong'oneza kwamba huenda kuna jicho la husuda, kwa sababu ya sifa za siku ile ya kwanza. Dawa ya namna hiyo haina gharama ya mayai, lakini haijawahi kuinua keki.

Mwisho alimpigia simu nyanya yake Mombasa.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko baridini hamjambo?"

"Hatujambo, ila mikate yangu yaniaibisha. Mitatu imeanguka, na nimeshika fedha za watu. Wewe mkate wako haukuharibika hata siku moja. Hakuna kitu ulichosahau kunambia?"

Nyanya akacheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia haukuharibika? Wewe uliuona ule uliofika sebuleni tu. Ule mwengine waliula kuku wa mama yako kabla wewe hujaamka."

"Basi nifanyeje, nyanya?"

"Mimi, mjukuu wangu, nimeoka miaka hamsini katika nyumba moja, ufuo wa bahari ile ile. Mkono wangu umezoea hapa tu. Ya huko juu siyajui. Waulize walioko huko."

Jibu hilo halikumpendeza siku ile, maana alitaka kupewa dawa. Lakini mwanamke yule mzee alikuwa amesema mambo mawili mazito. La kwanza, kwamba mwanafunzi huonyeshwa kazi iliyokwisha kutengenea, na hafichuliwi makosa yaliyoitangulia. Kwa hiyo hudhani fundi alizaliwa fundi. La pili, kwamba ustadi wa nyanya ulikuwa na mahali pake. Kila kipimo chake kilikuwa kimerekebishwa na makosa ya Mombasa, wala hakuna kosa la Limuru lililowahi kukigusa.

Aliyemfungulia mlango alikuwa jirani wa upande wa pili, mama wa makamo mzaliwa wa huko, ambaye hakuwahi kuoka keki maishani mwake. Alimkuta siku moja akinung'unika kwamba maharagwe yamekaa motoni tangu asubuhi. "Mwanangu," jirani akasema, "hapa maharagwe hayaivi upesi kama kwenu. Dada yangu yuko Malindi, naye hunicheka kwa makaa ninayoyamaliza." Jambo hilo mama alilipeleka kwa mumewe, na mumewe akaliuliza kwa mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari iliyokuwa karibu. Hivyo maelezo yakapatikana kwa njia ya sufuria ya maharagwe.

Maelezo yenyewe ni haya. Hewa ina uzito, na mtu akaaye ufuoni hubeba uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Apandapo mlimani huiacha nyingine chini, na mzigo hupungua. Kwa kimo cha Limuru mgandamizo wa hewa umepungua kwa zaidi ya sehemu moja katika tano ukilinganishwa na Mombasa. Kwa sababu hiyo maji, ambayo Mombasa huchemka kwa digrii 100, Limuru huchemka kwa digrii zipatazo 93, na hata ukichochea moto kiasi gani, maji ya sufuria iliyo wazi hayazidi hapo. Maharagwe basi hupikwa katika maji yasiyo na moto wa kutosha, na hukawia.

Kwa keki shida hugeuka ikawa kinyume chake. Povu lililo ndani ya unga uliovurugwa ni kifuko kidogo cha hewa. Likipata moto hutanuka. Na kwa kuwa hewa ya nje haina nguvu ya kulizuia kama ya pwani, hutanuka kupita kiasi. Mayai yakiwa yamepigwa sana, ngozi ya kila kifuko imekwisha vutwa mpaka mwisho wake hata kabla ya kufika motoni. Basi keki hupanda kwa haraka na kwa fahari, kisha vifuko hupasuka kabla mayai na unga havijapata kukaza, na kazi yote hushuka. Sukari nayo huongeza taabu, maana mayai yenye sukari nyingi huchelewa kukaza. Tena maji hupotea upesi zaidi katika nchi ya juu, na sukari iliyobaki ikawa nzito. Ndiyo sababu ya ukingo ule ulionata.

Aliposikia hayo, mama aliketi akakumbuka siku ya mkate wa kwanza, ule uliosifiwa. Mtoto mdogo alikuwa na homa, akilia, naye aliyaacha mayai kabla hayajafikia kiwango cha nyanya. Sukari ilikuwa imekwisha koponi, akatia iliyokuwapo, ambayo haikutimia vikombe viwili. Na mayai yenyewe yalikuwa madogo ya kienyeji, ambayo manane yake huenda yasifikie uzito wa saba ya kuku wa kisasa, kwa hiyo unga ukawa mwingi kwa kadiri yake, na mkate ukapata mifupa. Mambo matatu ya haraka na upungufu, ambayo kama angaliulizwa angaliona haya kuyataja, ndiyo yaliyouinua mkate. Sufuria mpya haikuwa na fungu lolote. Na majuma mawili baadaye, alipokuwa na nafasi ya kufanya kila kitu kwa uangalifu, uangalifu ule ndio ulioangusha.

Mwanzoni hasara hizi zote zilikuwa kichwani mwake tu, na kichwa cha mama wa watoto wawili kina mengi ya kuweka. Mumewe hakujua kuoka, lakini alijua kuandika safu. Alichukua daftari la shule, akalipigia mistari: tarehe, mayai mangapi na ya namna gani, sukari, unga, dakika za kupiga, makaa ya juu na ya chini, hali ya hewa, na mwisho safu pana ya matokeo. Akaweka na sharti moja, ambalo mkewe alilichukia mwanzoni kwa sababu lilionekana la kikarani mno: katika kila jaribio kibadilishwe kitu kimoja tu.

Ili gharama zisiwamalize, walipunguza kipimo mpaka robo, yaani mayai mawili na nusu kikombe cha sukari na nusu kikombe cha unga, katika sufuria ndogo kabisa ya nyumbani. Jaribio la kwanza lilikuwa la kuoka kama nyanya, bila kubadili chochote. Mama aliona ni upuuzi kutia mayai mawili katika mkate ajuao kwamba utaanguka. Lakini pasipo huo, asingalikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Ukaanguka kama ilivyotazamiwa. Jumamosi iliyofuata alipunguza sukari peke yake. Ukaanguka, lakini kidogo, na ukingo haukunata. Ya tatu aliirudisha sukari kama zamani akapunguza kupiga. Ukapanda vizuri, ukabonyea kidogo tu katikati. Ya nne alipunguza yote mawili, na ukasimama. Ya tano aliongeza makaa ya juu ili mkate ukaze upesi kabla ya mapovu kupata muda wa kupasuka. Ukasimama zaidi, uso wake rangi ya kahawia. Watoto waliyala makosa yote kwa chai bila kubagua, na kile kilichozidi kilikatwa vipande, kikakaushwa juu ya jiko mpaka kikawa kama biskuti. Keki iliyoanguka huwa imepoteza umbo tu. Utamu wake hubaki.

Njia hii si ngeni katika nchi, ingawa jikoni haijazoeleka. Unga wenyewe aliotumia mama ulipatikana kwa njia hiyo. Walowezi wa kwanza waliopanda ngano Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita waliona mashamba yao yakiharibiwa na ugonjwa wa kutu, na mbegu zilizokuwa njema katika nchi nyingine hazikufaa kitu hapa. Mwaka 1927 kilianzishwa huko Njoro kituo cha kuzalisha mbegu za ngano. Ilipotokea aina mpya ya kutu ya shina, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kuitwa Ug99, wataalamu walileta mbegu za ngano kutoka nchi nyingi wakazipanda Njoro makusudi katika ugonjwa huo, ili waone ipi itasimama. Nyingi zilianguka. Lakini kila mstari ulioanguka uliandikwa kwa uangalifu ule ule kama uliosimama, kwa kuwa mtu asiyejua ni mbegu gani zimeshindwa atazipanda tena mwakani.

Kwa mikate ya hamira mama alipata somo jingine, nalo lilimchanganya kwa sababu lilikwenda kinyume na la kwanza. Hamira ni kitu chenye uhai, jambo ambalo Louis Pasteur wa Ufaransa alilithibitisha katika miaka ya 1850, baada ya watu kuoka kwa maelfu ya miaka bila kulijua. Hula sukari, hutoa hewa, hupenda uvuguvugu, na hufa ikitiwa katika maji ya moto. Kwa kuwa nchi ya juu huachia mapovu yatanuke, mama alitazamia unga wake uumuke upesi kuliko Mombasa. Lakini ulikuwa mwezi wa Julai. Unga aliouacha asubuhi ulikuwa bado umelala kama jiwe saa sita ya mchana. Akaongeza hamira maradufu, akapata mkate wenye harufu ya pombe. Daftari ndilo lililomwokoa, kwa ile safu ya hali ya hewa ambayo alikuwa ameidharau. Kimo huharakisha na baridi hukawiza, na katika Julai ya Limuru baridi ndiyo yenye nguvu. Tangu hapo huuweka unga wake karibu na jiko, umefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na hamira hutia kwa kipimo cha kawaida. Mwezi wa Januari, jua likiwaka, huutazama mara kwa mara, maana huumuka ukapita kiasi mtu akiwa sokoni. Hamira yenyewe huijaribu kwanza katika maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Isipotoa povu baada ya dakika kumi, huimwaga, na hasara huwa ya hamira peke yake, si ya unga na makaa.

Ikafika arusi. Mikate miwili ya kwanza, ya mayai manane manane, ilioka kama daftari lilivyosema: sukari vikombe viwili kasoro vijiko vitatu vya mezani, unga vikombe viwili na vijiko viwili, mayai yakapigwa mpaka yamekuwa meupe na mazito lakini yangali laini, na makaa ya juu yakazidishwa. Ilisimama yote miwili. Wa tatu ndio uliokuwa wa kukatwa na maarusi, na mama wa bibi arusi aliutaka uwe mkubwa kuliko mingine. Mama alikadiria mara tatu ya kila kitu, mayai ishirini na manne, akaazima sufuria pana na ya kina kutoka kwa jirani. Muda nao aliuzidisha kwa hesabu hiyo.

Majaribio yake yote yalikuwa ya sufuria ndogo, na hakuna hata moja lililokuwa na habari za unene. Joto husafiri polepole ndani ya unga. Unene ukizidi mara mbili, muda wa joto kufika katikati huzidi karibu mara nne. Alipofunua, uso ulikuwa mweusi, na kijiti alichouchoma nacho kilitoka kimejaa unga mbichi. Akaurudishia kifuniko, akapunguza makaa, lakini katikati yake ilikuwa imekwisha zama. Ilikuwa Ijumaa usiku, na arusi ilikuwa kesho yake.

Hapakuwa na njia ila kwenda kusema. Alikwenda usiku ule ule, mumewe akiwa na tochi, wakapeleka mikate miwili mizima na fedha za ule wa tatu. Mama wa bibi arusi hakufurahi, wala hapana sababu ya kudai kwamba alifurahi. Alipokea fedha, akazihesabu, akatuma kijana alfajiri kwenda kununua keki Nairobi. Kwa muda wa miezi mingi hakumwagiza kitu tena, na katika mazungumzo ya kisimani ile mikate miwili iliyosimama haikutajwa kama ulivyotajwa ule mmoja.

Katika daftari ukurasa wa siku ile umejaa maandishi pande zote mbili, kuliko ukurasa mwingine wowote. Umeandikwa kina cha sufuria kwa vidole, idadi ya makaa, saa ya kufunika na saa ya kufunua, na mahali hasa palipozama. Mkate mkubwa uliofuata, alioagizwa na watu wa kanisa mwaka uliofuata, hakuuoka mmoja. Alioka minne myembamba ya mayai sita sita, akaipanga mmoja juu ya mwingine na jemu katikati, na hakuna aliyekula ambaye aliona kasoro.

Sifa zake zilipofika Mombasa, mdogo wake aliandika kuomba vipimo, akisema kwamba ya nyanya ni ya kizamani na watu sasa wataka ya Limuru. Mama alivinakili kwa mkono mzuri akavituma. Baada ya juma moja simu ikalia.

"Dada, shikamoo. Mkate wako ni mfupi na mkavu kama kigae. Umeficha nini?"

"Marahaba. Sikuficha kitu," mama akajibu. "Ulipiga mayai muda gani?"

"Kama ulivyoandika."

Basi akamwambia aende chumbani kwa nyanya, amwombe ampigie mayai yeye mwenyewe, naye akae karibu na saa mkononi na kalamu, aandike dakika.